Kivuko kisichonunua dizeli

Mgeni akipanda kivuko cha Basel, Uswisi, kwa mara ya kwanza, macho huenda nyuma kutafuta injini. Haipo. Hakuna tanga, kasia wala pondo. Mvushaji kasimama tu, na mashua inaukata mto Rhine hadi ng'ambo. Unachosikia ni maji yakipiga mbao.

Kazi yangu ni vyombo vya majini, na hiki napenda kukieleza kuliko vyote, maana aliyewahi kurusha kishada keshakielewa nusu. Upepo unataka kukichukua kishada, uzi unakikatalia, nacho kikishika pembe kinakwenda kando. Sasa weka mto mahali pa upepo. Waya mnene umevutwa juu, ukingo hadi ukingo, na juu yake linatembea kapi. Kwenye kapi imefungwa kamba inayoteremka hadi mashuani. Mkondo unataka kuichukua mashua, kamba inaizuia. Mashua ikilazwa mshazari, maji yanayoipiga ubavuni hayana pa kuisukuma ila ng'ambo. Wakati wa kurudi, mvushaji anahamisha mshiko wa kamba na kugeuza pembe, ubavu wa pili unapigwa, basi. Nahodha aliyezoea kwenda joshi, yaani kupanda kuelekea upepo utokako, ataijua hesabu hii, ila hapa kamba ndiyo inayofanya kazi ya mkuku, ule mti wa chini ya chombo unaokizuia kisisukumwe kando.

Kivuko cha kwanza cha namna hii kilianza hapo 1854, Basel ikiwa na daraja moja tu juu ya Rhine. Siku hizi madaraja ni kadhaa, na bado vivuko vinne vinavusha watu: Wild Maa, Leu, Vogel Gryff na Ueli. Watu wanapanda na daraja wanaliona pale. Nawaelewa kabisa.

Huwa naulizwa: mbona tusifunge kama hiki Pangani, mkoani Tanga? Pale mlangoni mwa mto bahari inaingia na kutoka. Maji yakijaa mkondo unageuka, kisha kuna saa hautaki kwenda popote, na kivuko hiki kingesimama nao katikati, abiria na baiskeli zao. Halafu kuna milingoti ya majahazi, nayo itapita wapi? Ningekitafutia mahali juu zaidi mtoni, penye maji yaendayo upande mmoja mwaka mzima na kingo ngumu za kushikilia waya. Viboko ni hesabu nyingine.

Na masika ingebidi kipumzike. Hata Basel, Rhine ikijaa kupita kiasi vivuko hufungwa, abiria wakazungukia darajani.