Si kila ukucha ulioharibika una fangasi

Wagonjwa wengi hufika kliniki ya ngozi na ukucha mnene, wa njano, unaomeguka, wakiwa wameshapaka dawa ya fangasi kwa miezi bila kupimwa. Kati ya kucha zilizoharibika, takriban nusu tu ndizo zenye fangasi. Nyingine zimeumizwa na viatu vya kubana, au zina soriasisi (ugonjwa wa ngozi unaoleta magamba), na dawa ya fangasi haizisaidii chochote. Omba kipande cha ukucha kipimwe kwanza.

Orodha ya kimataifa ya magonjwa, ICD-10, nayo huyatenganisha. Fangasi wa kucha wako kwenye namba B35.1, jirani na mapunye. Kundi la L60 ni la kasoro za ukucha wenyewe: ulioota ndani ya nyama, ulioachana na nyama, wenye mifereji ya kukingama. Mifereji hiyo hutokea ugonjwa mkali unapousimamisha ukucha usikue kwa muda. Ukucha wa mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, hivyo mfereji ulio milimita 6 kutoka shinani unatuambia mwili uliugua miezi miwili hivi iliyopita.

Linalonitia hofu zaidi ni weusi. Kwetu watu weusi, mistari myeusi kwenye kucha kadhaa ni ya kawaida na huongezeka kwa umri. Lakini mstari mmoja, kwenye ukucha mmoja, hasa wa kidole gumba, unaopanuka au kutambaa hadi kwenye ngozi ya pembeni, uonwe na daktari haraka. Huenda ni melanoma, saratani iliyogunduliwa kwenye kidole cha mguu cha Bob Marley mwaka 1977. Alifariki Mei 1981, akiwa na miaka 36. Wengi hudhani ni damu iliyovilia baada ya kujikwaa. Damu husogea mbele kadiri ukucha unavyokua, kwa hiyo piga picha kila wiki chache ulinganishe. Ukiona mstari umepanuka, usisubiri picha nyingine.

Kata kucha za miguu kwa kunyoosha, usizichimbe pembeni. Ile ngozi laini ya shinani msiikate, hata saluni. Ndiyo inayozuia vijidudu vinavyoleta mdudu wa kidole. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asijikate mwenyewe.

Siku ya kuja kliniki, futa rangi na ubandue kucha bandia. Hina haifutiki; tueleze tu uliipaka lini.