Usawazishaji wa barua pepe: maana yake na unavyofanya kazi

Usawazishaji wa barua pepe ni hali ya kompyuta mbili au zaidi kuonyesha sanduku moja la barua likiwa sawasawa. Barua iliyosomwa kwenye kompyuta ya kazini ionekane imesomwa na kwenye ya nyumbani, iliyofutwa huku isionekane kule, na jibu lililotumwa kutoka moja likutwe kwenye nyingine. Wengi hudhani kompyuta zenyewe ndizo zinazopeana habari. Sivyo. Kila moja huongea na seva tu, yaani kompyuta ya mtoa huduma inayotunza barua, wala haijui kama mwenzake yupo. Mambo yakienda kombo, swali la kwanza ni hili: kitu kinachokosekana kipo kwenye seva, au kimebaki ndani ya kompyuta moja? Jibu hupatikana kwa kufungua akaunti kupitia kivinjari. Unachokiona pale ndicho kilichopo kwenye seva.

Njia kuu mbili za programu ya barua kuzungumza na seva ni POP na IMAP. Maelezo ya kwanza ya POP yalitolewa mwaka 1984, na toleo linalotumika leo ni POP3. Ilitungwa kwa mtu mwenye kompyuta moja ambayo haikai hewani muda wote: ingia, chukua barua, zifute kwenye seva, ondoka. IMAP, aliyoianzisha Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986, ina wazo la kinyume. Barua halisi hukaa kwenye seva pamoja na folda zake zote, na kila kompyuta hubeba nakala tu.

Ukitumia POP kwenye kompyuta mbili, ile inayowahi kuchukua barua ndiyo inayobaki nazo. Programu nyingi zina kisanduku cha kuteua kinachosema nakala ziachwe kwenye seva, na watu hukitegemea kama dawa. Si dawa. Kila kompyuta itapata barua mpya, ndiyo, lakini POP huona kikasha cha kupokelea peke yake. Haina habari na folda nyingine, wala haina namna ya kuiambia seva kwamba barua imesomwa au imejibiwa. Utasoma barua zile zile mara mbili, na majibu uliyotuma yatabaki pale ulipoyaandikia. Kujua unatumia ipi, tazama namba ya poti (mlango wa kuingilia kwenye seva) kwenye mipangilio ya seva ya kupokelea: 995 au 110 ni POP, 993 au 143 ni IMAP. Kutuma hupita njia yake nyingine, SMTP, kwa kawaida poti 465 au 587, na haihusiki na uchaguzi huu.

Katika IMAP, kila barua ndani ya folda hupewa namba yake ya pekee, na hubandikwa alama: imesomwa, imejibiwa, imewekewa nyota, ni rasimu, imefutwa. Kompyuta inapounganika huuliza kuna namba zipi mpya, zipi zimetoweka, na alama zipi zimebadilika. Hayo ni maandishi machache sana, ndiyo maana sanduku lenye maelfu ya barua husawazishwa upesi ilhali mara ya kwanza huchukua saa nyingi. Seva ikibadilisha mpangilio mzima wa namba za folda, pengine baada ya kuhamishwa au kurejeshwa kutoka kwenye nakala rudufu, programu hulazimika kutupa nakala zake na kupakua folda yote upya. Kwa hiyo ukiona kompyuta inapakua kila kitu tena bila sababu, usikimbilie kuilaumu.

Alama ya "imefutwa" inahitaji kuangaliwa kwa karibu, maana inachanganya wengi. Kuibandika hakuondoi barua. Barua huondoka folda inaposafishwa kwa amri ya pili. Kompyuta moja ikiwa imepangwa kubandika alama tu, na nyingine kuhamishia barua kwenye Tupio, barua uliyodhani umeifuta asubuhi itaonekana jioni imepigwa mstari katikati, au ipo kama kawaida. Panga kompyuta zote zihamishie kwenye Tupio.

Tatizo linalojitokeza zaidi ya yote ni folda ya Zilizotumwa. SMTP hupeleka barua kwa mpokeaji na kazi yake huishia hapo. Kuweka nakala ni kazi ya programu yako, ambayo huipandisha barua ile ile mara ya pili kwa IMAP. Ndiyo sababu kiambatisho kikubwa huonekana kama kinatumwa mara mbili. Kompyuta moja ikiweka nakala kwenye folda iitwayo "Sent", nyingine kwenye "Sent Items", na ya tatu kwenye folda iliyo ndani ya diski yake, utakuwa na historia tatu zisizokutana. Tiba yake: fungua akaunti kwenye kivinjari, tazama seva yenyewe inatumia folda gani, kisha katika kila kompyuta elekeza Zilizotumwa, Rasimu, Tupio na Barua Taka kwenye folda hizo hizo. Seva nyingine, ya Gmail ikiwemo, hujiwekea nakala zenyewe. Huko ukikuta kila ulichotuma kipo mara mbili, ipange programu isiweke nakala yake.

Rasimu nazo zina vituko vyao. Katika IMAP barua ikishawekwa kwenye seva maandishi yake hayahaririki, kwa hiyo kila programu inapohifadhi rasimu hupandisha barua mpya na kuifuta ya zamani. Ukiiacha rasimu wazi kazini kisha ukaiendeleza nyumbani, utaishia na rasimu mbili. Ifunge kabla ya kuondoka.

Folda iliyoundwa kwenye kompyuta moja isipoonekana kwenye nyingine, mara nyingi ipo kwenye seva ila haijateuliwa kwenye orodha ya folda zinazoonyeshwa. Jambo jingine ni idadi ya miunganisho. Gmail huruhusu miunganisho 15 ya IMAP kwa wakati mmoja kwa akaunti moja, na programu ya barua ya Thunderbird kwa kawaida hujiwekea hadi 5. Kompyuta tatu zinaweza kuimaliza, na simu ikija juu yake kosa la kuunganika linaanza. Punguza hadi 2 kwa kila kompyuta.

Vichujio vya kupanga barua vinafaa kuwekwa kwenye seva. Kichujio kilicho ndani ya programu hufanya kazi pale tu kompyuta hiyo inapokuwa imewashwa, na vichujio viwili tofauti kwenye kompyuta mbili huishia kugombania barua. Saini, anwani na kalenda haviingii kwenye IMAP kabisa: anwani hutumia njia yake iitwayo CardDAV, kalenda CalDAV, na saini utaiandika kwa kila kompyuta.

Kuhama kutoka POP kwenda IMAP hufanywa kwa mpangilio, kwa kuwa programu nyingi hazigeuzi aina ya akaunti iliyokwisha kuwekwa. Kwanza angalia kama nafasi kwenye seva inatosha barua zote za zamani. Zima ukaguzi wa kiotomatiki wa akaunti ya POP kwenye kila kompyuta, la sivyo itaendelea kuchota barua na kuzifuta kwenye seva wakati unahangaika. Hifadhi nakala ya folda za zamani kwenye diski ya nje. Ongeza akaunti ile ile upya kama IMAP, uache ya POP ilipo. Kisha nakili barua, usizihamishe, kutoka folda za zamani kwenda za IMAP, mia chache kwa mkupuo. Ukizibeba zote kwa pamoja na mtandao ukakatika, hutajua zimeishia wapi. Linganisha idadi kwa kila folda, zitazame kwenye kivinjari, ndipo uiondoe akaunti ya POP.

Usichukulie kompyuta ya pili kuwa nakala rudufu. Folda ikifutwa kwa bahati mbaya kwenye moja, nyingine zitaitii seva na kuifuta pia, wakati mwingine ndani ya sekunde chache. Nakala rudufu ni ile iliyotolewa nje ya akaunti: barua zilizonakiliwa kwenye folda za ndani ya kompyuta, au zilizohamishiwa kwenye faili la mbox (faili moja linalobeba barua nyingi) na kuwekwa kwenye diski isiyounganishwa na akaunti hiyo.