Wizi mdogo vijijini Ireland: kwa nini daftari lina jina la shahidi bila maneno yake

Tangu madaftari ya mahakama ndogo za Ireland (petty sessions, zilizosikiliza makosa madogo) ya karne ya 19 yaanze kupatikana mtandaoni, idara yetu ya nyaraka inapokea lalamiko lile lile kutoka kwa wanaoona jina la shahidi bila maneno yake: "Mmeuficha ushahidi." Tunaamini wanaolalamika wana nia njema. Hakuna kilichofichwa.

Sheria ya 1851 ya mahakama hizo ndogo ilimtaka karani ajaze safu za mlalamikaji, mshtakiwa, majina ya mashahidi, kosa na amri ya mahakimu. Basi. Maelezo ya shahidi yaliandikwa kwa kirefu pale tu kosa lilipopaswa kupelekwa mahakama ya juu. Shahidi alisomewa maelezo hayo, akatia saini, au alama ya X kama hajui kuandika. Nyaraka nyingi za mahakama hizo za juu ziliteketea Dublin Juni 1922, katika mapigano ya Four Courts, majengo ya mahakama ambako nyaraka hizo zilihifadhiwa.

Adhabu nazo zinakuzwa mno. Si kila mwizi wa tanipu (zao la mizizi) alipakiwa melini kwenda Australia! Kwa Sheria ya Wizi ya 1861, aliyeiba mazao ya mizizi shambani, kwa kosa la kwanza, alifungwa muda usiozidi mwezi 1, kwa kazi ngumu au bila kazi ngumu, ama alitozwa faini isiyozidi shilingi 20, mbali na thamani ya mali. Akirudia, kifungo hadi miezi 6 na kazi ngumu. Zingatia neno shambani: mazao ya bustanini yalikuwa na kifungu chake cha sheria. Kondoo ni shauri jingine kabisa, na wakati wa Njaa Kuu iliyoanza 1845 wezi wa kondoo walisafirishwa kweli.

Tunaulizwa pia kwa nini mshtakiwa "alinyamaza". Sheria ndiyo iliyomzuia kula kiapo. Aliweza kuwahoji mashahidi na kusema lake bila kiapo, zaidi ya hapo hakuwa na njia. Uingereza ilirekebisha hilo 1898, lakini Ireland haikuguswa hadi miaka ya 1920. Waliobaki kuapa walikuwa mwenye mali, askari na jirani, na jirani alijua atarudi kulala kijijini kwake, ambako mtoa habari kwa polisi alichukiwa kuliko mwizi mwenyewe. Kutokuja kwake mahakamani hakuthibitishi kwamba hakuona kitu.

Anayeomba nakala ataje jina la mahakama na tarehe ya kikao. Jina la ukoo peke yake halitoshi. Akina Murphy ni wengi.