Selo, Fidla na Bagipaipu Katika Hevi Metali: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Bila gitaa la umeme hakuna hevi metali.
Ukweli: Uzi mnene kuliko yote wa selo (ala kubwa ya jamii ya fidla) ni C ya hezi 65.4, sawasawa na noti ya chini kabisa ya gitaa lililolegezwa hadi C. Apocalyptica ya Finland ilitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1996 kwa selo nne, bila gitaa.

Dhana: Fidla isiposikika, ipandishwe sauti.
Ukweli: Itazidi kukwaruza masikio tu, kwa sababu magitaa yenye distoshoni (sauti iliyovurugwa kwa makusudi ili ikwaruze) yamekwisha kujaza nafasi yake. Punguza magitaa desibeli 2 au 3 kati ya hezi 1,500 na 3,000, pale tu fidla inapopiga. Kwenye maikrofoni ya fidla, kata sauti zote zilizo chini ya hezi 180: noti yake ya chini ni 196, kwa hiyo huko chini umebaki mtikisiko wa miguu na ngoma zilizopenya kwenye maikrofoni.

Dhana: Mpiga bagipaipu anaweza kuja mwishoni, apige juu ya magitaa yaliyokwisha kurekodiwa.
Ukweli: Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Bagipaipu ya Uskoti, ala ya mfuko wa hewa na mabomba, ina noti 9 tu, ukubwa wa sauti yake hauongezwi wala kupunguzwa, na noti inayoitwa A hulia juu kidogo ya B bemoli ya piano. Gitaa ndilo limfuate. Apulize dakika 10 hadi 15 kwanza, maana matete yanayotoa sauti ndani ya mabomba hubadilika yakipata joto na unyevu, kisha pima A yake ya chini. Ikisoma hezi 476, weka tyuna ya gitaa na besi, pamoja na kinanda, kwenye A ya hezi 449 badala ya 440 ya kawaida, ili B bemoli yao ilingane na A ya bagipaipu, na wimbo uwe wa B bemoli. Jambo jingine ni droni, yaani mabomba yanayolia noti moja mfululizo: haizimwi katikati ya wimbo. Rifu (kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwa) ya kupanda nusu toni, ile tamu inayopendwa na kila mpiga metali, itagombana nayo mwanzo hadi mwisho.

Dhana: Pikapu ya piezo (kinasa mtikisiko kinachobandikwa kwenye ala) ichomekwe moja kwa moja kwenye miksa.
Ukweli: Inahitaji mlango wa kuingizia sauti wenye ukinzani wa megaomu 1 au zaidi. Mlango wa kawaida wa miksa (line) wa kiloomu 10 humeza besi, sauti ikawa nyembamba na kali. Pitisha kwenye priampu (kikuza sauti cha awali) kwanza, distoshoni ifuate. Selo ikianza kuvuma yenyewe jukwaani, ziba matundu yake kwa sponji.