Zhang Yimou ni kameramani, msidanganyike

Kuna send-off moja nilishuti ukumbi mzima umepambwa nyekundu, mapazia mekundu, taa nyekundu, mpaka vitambaa vya viti, nikajisemea leo natoa kazi ya maana. Kufika nyumbani nafungua kompyuta, bibi harusi hana pua. Yani nyekundu imemwagika kila sehemu, uso umekuwa bapa kama sinia, narekebisha rangi narekebisha wapi, hakuna kinachorudi maana kamera yenyewe haikushika kitu pale. Usiku uleule nikaiweka Raise the Red Lantern, muvi ya 1991 ya dairekta wa China Zhang Yimou, kwa hasira tu, nione huyu mzee alifanyaje.

Alichofanya ni hiki, nyekundu yake ni ndogo. Lile jumba ni la ukoo wa Qiao, lipo mkoa wa Shanxi kule China, matofali ya kijivu, kuta kijivu, paa kijivu, baadaye inakuja theluji. Halafu zinawashwa taa nyekundu nyumbani kwa mke ambaye bwana atalala kwake usiku huo. Jicho lako litaenda wapi? Kamera imetulia, imeuangalia mlango usoni, kila kitu kimenyooka kulia na kushoto sawa, na huyo bwana mwenye wake wanne sura yake huioni vizuri muvi nzima. Kaiangalie tena ukimtafuta yeye, utachoka.

Wengi wetu Zhang tulimjulia kibanda umiza kupitia Hero ya 2002, Jet Li na mapanga, tukadhani ni dairekta wa kung fu. Kumbe jamaa alianza na kamera begani na kufika hapo kwenyewe ilikuwa shughuli.

Ni mzaliwa wa Xi'an. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi la Kuomintang, wale walioshindwa na wakomunisti 1949, kwahiyo mtoto kakua na doa ambalo hakulifanya yeye. Mapinduzi ya Utamaduni ya Mao Zedong yalipokuja akapelekwa kijijini kulima miaka mitatu, kisha kiwanda cha nguo za pamba huko Xianyang miaka kama saba. Humo kiwandani ndio akapenda picha, na stori inayojulikana sana ni kwamba aliuza damu yake ili anunue kamera. Chuo cha filamu cha Beijing kikafungua tena milango 1978, yeye ana miaka 27, umri umeshapita. Akamwandikia waziri wa utamaduni, akaambatanisha na picha zake, wakamchukua. Darasa hilo, la kina Chen Kaige na Tian Zhuangzhuang waliokuja kuwa madairekta nao, ndilo watu wanaliita Kizazi cha Tano cha filamu za China.

Walipomaliza 1982 akapangiwa studio ya Guangxi, mbali huko kusini, studio ndogo isiyo na wakongwe wengi. Wenzangu na mie tungenuna. Ila kwa kuwa hakuna wazee wa kuwabania, vijana wakapewa kazi mapema, na 1984 Chen Kaige akaongoza Yellow Earth, Zhang kwenye kamera. Hapa naomba ukiitazama usimame kidogo uangalie mbingu iko wapi. Sisi tunafundishwa upeo wa macho uukate theluthi ya juu au ya chini, yeye kausukuma juu kabisa mpaka mbingu imebaki kipande tu, fremu yote iliyobaki ni udongo wa njano, na mtu ni kadoa kanakotembea pembeni. Umaskini wa kile kijiji unaupata kabla mtu hajafungua mdomo.

Red Sorghum ndio ikawa ya kwanza kuongoza mwenyewe, ikabeba Dubu wa Dhahabu, tuzo kubwa ya tamasha la filamu la Berlin, 1988, na mwigizaji Gong Li akajulikana hapo. Ju Dou ya 1990 ndio filamu ya kwanza ya China kuteuliwa Oscar upande wa filamu za kigeni. Riwaya ya Ju Dou ilikuwa ya wakulima, Zhang akawahamishia kwenye karakana ya kutia nguo rangi, mavitambaa marefu ya njano na mekundu yananing'inia toka darini. Mtu aliyekaa miaka saba kwenye kiwanda cha nguo kufanya hivyo, mi sishangai hata kidogo.

To Live ya 1994 ikapata Tuzo Kuu ya Jury kwenye tamasha la filamu la Cannes, na nyumbani ikapigwa marufuku. Sasa cheki maisha, 2008 mtu huyohuyo ndiye anaongoza ufunguzi wa Olimpiki ya Beijing, wapiga ngoma 2008 uwanjani, na 2022 wakamwita tena kwa ile ya majira ya baridi. Kuna wanaosema alijiuza kwa serikali. Hero nayo inawapa silaha, maana inaishia muuaji anamwachia mfalme katili aishi kwa ajili ya umoja wa nchi. Mi rangi zake nazipenda, nyekundu ya simulizi hii, bluu ya simulizi ile, nyeupe ya ukweli, lakini ule mwisho haujawahi kunishuka kooni. Na The Great Wall ya Matt Damon naomba tuiruke.

Hata hivyo kupendwa na wakubwa hakukumkinga. Filamu yake One Second iliondolewa kwenye tamasha la Berlin 2019 dakika za mwisho, sababu ikatajwa ni ya kiufundi, ikaja kuingia sinema 2020. Ni stori ya mfungwa aliyetoroka kambi ya kazi ngumu ili amuone binti yake kwa sekunde moja tu kwenye mkanda wa habari. Mkanda unaburuzwa njiani, umejaa mchanga, basi yule muonyesha sinema anakusanya kijiji kizima, wanachemsha maji wapate ya mvuke yaliyo safi, wanaufuta taratibu, wanauanika kwenye kamba kama nguo na kuupepea kwa mikono mpaka ukauke. Mi hiyo sehemu huwa nairudisha nyuma naiangalia tena.