Kutafuta kimo kwenye kundi la michango

Saa mbili usiku simu ilitetemeka mezani kwangu, Isyesye. Kwenye kundi letu la WhatsApp la watu wa nyumbani, sisi tuliotoka kata moja huko Rungwe tukatawanyika Mbeya mjini, Tunduma, Makambako na Dar, mtu ameandika kwamba mzee wetu mmoja amefariki na mazishi ni keshokutwa. Zikafuata pole, moja baada ya nyingine, na emoji za mikono ya sala. Kisha mweka hazina akabandika orodha: namba 1 hadi 40, kila namba na nafasi tupu ya jina na kiasi.

Kimya.

Mimi nikaona watu wamezubaa. Nikainakili orodha, nikajaza namba 1: jina langu, shilingi 50,000. Nilidhani nimefungua njia. Mpaka saa nne hakuna aliyejaza namba 2. Asubuhi shangazi akanipigia, hata salamu hakuimaliza: "Mwanangu, umetuharibia. Watu walikuwa bado wanatafuta kimo chao, wewe ukapanda juu ya meza."

Nimefundisha mbinu za utafiti kwa miaka kadhaa, na sijawahi kupewa somo fupi kuliko hilo. Wakati ule nilikuwa na miezi mitatu ya kukusanya data kwenye kundi hilohilo, kwa idhini yao, nikiongozwa na swali nililolitunga ofisini: kwa nini watu wanachelewa kuchanga? Lilikuwa swali zuri la kuombea kibali. Ubaya wake ni kwamba hakuna mwanakundi aliyekuwa nalo. Wao walikuwa na shughuli nyingine kabisa, na shangazi aliitaja kwa maneno mawili, kutafuta kimo, huku mimi nikiwa na kurasa 30 za mapitio ya maandiko.

Mbinu ya utafiti iliyoniokoa inaitwa kwa Kiingereza grounded theory; wanafunzi wangu wa uzamili huitamka "graundedi thiori" na huiogopa. Wapo wanaoitafsiri "nadharia ya msingi", na tafsiri hiyo inanikera. Msingi ni kitu unachoweka kabla ya nyumba. Hapa kazi inaenda kinyume: unaingia na unachokiona na unachokisikia, unakichambua mpaka maelezo yachipuke humohumo. Kwa hiyo mimi nasema nadharia chipukizi, na atakayepata jina bora aniletee.

Mbinu yenyewe ilizaliwa wodini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wanasosholojia wawili wa Marekani, Barney Glaser na Anselm Strauss, walikuwa wakitazama namna watu wanavyokufa katika hospitali za eneo la San Francisco. Madaktari wa Marekani wa enzi hizo kwa kawaida hawakumwambia mgonjwa kwamba hatapona. Wawili hao wakafuatilia jambo moja: nani anajua, na anajua kwamba nani mwingine anajua? Wakaona hali nne. Kuna mgonjwa asiyejua ilhali wote wanaomzunguka wanajua. Kuna anayeshuku na kuwatega wauguzi kwa maswali. Kuna hali ambayo mgonjwa anajua, wauguzi wanajua, na pande zote zinajifanya hazijui. Na kuna uwazi. Hawakwenda wodini na hali hizo nne mfukoni; zilitokana na kulinganisha wodi na wodi, mgonjwa na mgonjwa. Matokeo waliyachapisha mwaka 1965, na mwaka 1967 wakaandika kitabu cha kueleza walivyofanya, wakati ambao wanasosholojia wengi wa kwao walikuwa wakihangaika kupima nadharia za wakubwa waliowatangulia.

Nikifundisha hapo, darasa lote la Nyanda za Juu Kusini huelewa bila msaada. Nani kati yetu hajapokea ile simu ya "njoo nyumbani, mgonjwa amezidiwa"? Unapanda basi ukijua. Aliyekupigia anajua kwamba unajua. Mwenzako wa kiti cha pembeni akikuuliza unakokwenda, unamjibu kwamba baba anaumwa kidogo, naye anakuangalia viatu na kunyamaza. Ile hali ya tatu ya Glaser na Strauss tumeiishi kwenye barabara ya Uyole kwenda Tukuyu miaka yote. Kundi la WhatsApp ndilo lililoivuruga: siku hizi mjukuu anabandika picha yenye mshumaa kabla mama mwenye msiba hajafikishwa kwenye kiti na kuambiwa taratibu. Siku moja nitaiandikia peke yake. Turudi kwenye orodha.

Kazi inaanza kwa kusimba. Wanafunzi wangu husema "nakodi data", utadhani ni bajaji, lakini maana yao ni hii: unasoma mstari kwa mstari na kila mstari unaupa jina la kitendo kinachofanyika ndani yake. Chukua ujumbe kama huu, ambao nimeubadilisha ili mwenyewe asijulikane: "Poleni wapendwa, mimi nipo, ila huku Chunya mtandao unasumbua, niandikieni tu nitatuma." Kwenye dodoso ungeingia kama kisanduku kimoja, ameahidi. Mstari kwa mstari unaona mengine. Kutoa pole. Kutangaza kuwepo. Kujikinga mapema. Kuomba kuandikwa na mkono wa mwingine. Kuahidi bila kutaja kiasi. Mambo matano kwenye sentensi moja, na lile la mwisho ndilo lililonifanya nisimame, kwa sababu nilipofungua misiba ya nyuma nililikuta tena na tena, na kila mara likija kabla mtu yeyote hajaandika tarakimu.

Hapa Kiswahili kinatubeba. Glaser, na baadaye mwanasosholojia Kathy Charmaz, waliwahimiza watafiti wanaoandika Kiingereza wazipe simbo zao, yaani yale majina ya mistari, umbo la kitenzi-jina, ili wasigandishe watu kwenye vyeo na tabia. Sisi umbo hilo tunalo mdomoni: kuahidi, kukwepa, kusubiri, kuchungulia. Ukiandika "uvivu" umeshamhukumu mtu. Ukiandika "kusubiri", lazima ujiulize anasubiri nini. Mwanafunzi anayeniletea simbo kama "changamoto za kiuchumi" namrudisha akasome upya. Hiyo ni lugha ya ripoti, na hakuna mama wa Kiwira aliyewahi kusema ana changamoto za kiuchumi. Atakuambia mkono umebana.

Neno la shangazi nililichukua kama lilivyo. Mbinu hii inathamini sana simbo zinazotoka kinywani mwa wahusika, kwa kuwa mara nyingi wao walishafanya nadharia kabla yako. Nikarudi kwenye mazungumzo yote niliyokuwa nayo, nikawauliza wanakundi mmojammoja, kwa simu na ana kwa ana: kimo ni nini? Mmoja akaniambia hawezi kuandika juu ya kaka yake mkubwa. Mwingine, hawezi kuandika chini ya yule waliyejenga pamoja mwaka mmoja. Dada mmoja mwenye duka Mwanjelwa alisema wazi kwamba akitoa kikubwa leo, msiba ujao wataanzia hapohapo. Kumbe kile kimya cha saa mbili mpaka saa nne kilikuwa kazi. Watu walikuwa wanapimana, kila mmoja akisubiri tarakimu ya kwanza itoke kwa mtu wa katikati, asiye juu sana wala chini sana, ili wote wapate pa kusimama. Mimi, mwenye mshahara wa kila mwezi, nilikuwa mtu wa mwisho aliyepaswa kuanza.

Nikajaribiwa. Kila aliyesoma habari za Unyakyusa anajua kazi ya mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyekuwa Rungwe miaka ya 1930 na kuandika juu ya vijiji vya marika, ambako vijana wa umri mmoja walijijengea kijiji chao mbali na baba zao. Nikasema basi, kimo ni rika limehamia kwenye simu. Ilipendeza mno. Niliandika kurasa mbili usiku huohuo nikijiona nimemaliza. Kisha data ikanikatalia: kijana mmoja anayefanya biashara mpakani Tunduma anatarajiwa kuandika juu ya kaka zake watatu, na asipofanya hivyo anasemwa. Mwalimu mstaafu anaandika kidogo na hasemwi, kwa kuwa ndiye anayeongea makaburini. Rika limo, ila halitoshi. Kimo kinachanganya umri, kipato, na kazi ambayo mtu atakwenda kuifanya msibani kwa mikono yake.

Kulazimisha data iingie kwenye chombo kilichoandaliwa ndiko kulikowagombanisha waasisi wenyewe. Strauss, akishirikiana na Juliet Corbin, alitoa mwaka 1990 mwongozo wenye hatua nyingi za uchambuzi. Glaser akajibu mwaka 1992 kwa hasira kwamba hatua hizo zinailazimisha nadharia badala ya kuiacha ijitokeze. Charmaz naye, hasa kwa kitabu chake cha mwaka 2006, akasema mtafiti hagundui kitu kilichokuwa kimelala. Anakijenga pamoja na anaowachunguza. Mimi niko upande wa Charmaz, na sababu yangu ni ile namba 1 kwenye orodha. Ile 50,000 yangu ni data. Nisingeweza kujifanya sikuwemo.

Baada ya hapo sampuli inafuata hoja. Huendi kutafuta watu zaidi wa aina ileile ili idadi ipendeze; unauliza ni wapi maelezo yako yanaweza kuvunjika, unakwenda huko. Nilikwenda kwanza kwenye kundi la kwaya moja ya Iringa, ambako mweka hazina haonyeshi kiasi, anaweka alama ya vema tu mbele ya jina. Kimya hakikuwepo. Majina yalijaa kabla chai haijapoa, ingawa kwa mujibu wa mweka hazina fedha yenyewe ilifika kwa kusuasua. Kisha nikaingia kundi la wafanyabiashara wa viazi mviringo wa Uporoto. Pale mtu akiuliza "leo gunia bei gani shambani?", kimya kinaanguka kama cha msibani, nami nikafurahi nikidhani nimeona kimo tena. Hapana. Wale walikuwa wanaficha. Majibu yanakwenda inbox, na bei haisemwi mpaka ijulikane kama gunia lenyewe ni la kawaida au ni lumbesa, lililojazwa kupita mdomo na kuvikwa kilemba. Kimya cha msibani kinamlinda mtu asionekane vibaya. Kimya cha viazi kinalinda faida. Ulinganisho huo ulinifundisha mpaka wa neno langu, na naamini neno lisilo na mpaka halifai kuitwa nadharia.

Kwa wanaotaka kufanya hivi mtandaoni nina onyo moja. Maandishi ya kundi yanadanganya kwa wingi wake. Unapata ujumbe maelfu, unaona una kila kitu, kumbe kazi kubwa imefanyika pembeni: kwenye inbox, kwenye simu ya kawaida, kwenye rekodi za sauti ambazo wazee wanazipenda na ambazo nusu yake ni Kinyakyusa na pumzi ndefu. Ujumbe uliofutwa nao ni tendo. Niliupa simbo, kufuta, nikamuuliza mmoja kwa nini alifuta. Aliandika 20,000, akaona mkwe wake kaandika 10,000. Bila kumuuliza ningebaki na mstari unaosema ujumbe umefutwa.

Na idhini ya admini si idhini ya wanakundi. Niliomba kwa kila mmoja, na wawili walikataa. Maneno yao yote nikayatoa, ingawa mmoja wao alikuwa na sentensi ambayo hadi leo naililia. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata bila sheria, hawa ni watu nitakaowakuta makaburini.

Pa kukomea panajulikana? Kategoria, yaani simbo kubwa inayobeba maelezo yako kama kimo kwangu, inashiba pale mahojiano mapya yanapokupa visa vipya lakini hayaongezi sifa yoyote kwenye maelezo yako. Naona tasnifu nyingi zikiandika kwamba data "ilishiba baada ya mahojiano 12", kana kwamba ni dozi. Muulize mwandishi ni kategoria ipi ilishiba, na kwa sifa zipi. Wengi hukwama hapo.

Mimi nilijiona nimeshiba. Nikaandika, nikawasomea watu wa kundi muhtasari kwenye kikao cha nyumbani, wakacheka, shangazi akasema "ndaga", asante ya Kinyakyusa, na kudai sehemu yake ya kitabu. Wiki iliyopita kukawa na msiba mwingine. Mweka hazina hakubandika orodha. Aliandika kila mtu amtumie kiasi inbox, na saa tatu usiku akaiweka orodha nzima kwa mpigo, imejaa, kuanzia kikubwa kwenda kidogo. Mimi nilikuwa wa 7. Nikafungua daftari, nikaandika tarehe, na chini yake simbo ya kwanza: kupangwa.