Kabla ya kumpeleka kwenye semina nyingine, mpeni bajeti

Waajiri wanaponiita niwaandalie programu ya kuwakuza viongozi wanawake, aghalabu ombi huja likiwa limekwisha kupangwa: siku mbili za mafunzo, mada ya kujiamini, mada ya kuzungumza mbele ya watu, vyeti na picha ya pamoja. Kabla ya kukubali huwauliza: kati ya hao mnaotaka kuwaleta, ni wangapi wanaosimamia bajeti? Wangapi wana mamlaka ya kuajiri? Yupi amewahi kukabidhiwa mradi ambao ukianguka, shirika zima litatikisika? Majibu huwa mafupi mno.

Mtu huwa kiongozi kwa kuongoza. Mafunzo yana nafasi yake, nami ndiyo kazi yangu, lakini kuamua huku taarifa hazijakamilika, kumwondoa kazini mtu unayemheshimu, au kuitetea bajeti mbele ya bodi iliyokwishachoka ni mambo ambayo hayapatikani ukumbini. Hupatikana katika majukumu mazito. Kwa hiyo anayetaka kujua kwa nini wanawake hupungua kadiri vyeo vinavyopanda, aanze kwa kutazama jinsi kazi zinavyogawanywa wiki hadi wiki, kabla hajaanza kuzungumzia hulka za wanawake.

Kila ofisi ina kazi ambazo lazima zifanyike lakini hazimpandishi mtu cheo: kuandika kumbukumbu za kikao, kuandaa hafla ya kumuaga anayestaafu, kumzungusha mfanyakazi mpya, kukaa kwenye kamati ambayo ripoti yake haisomwi. Mwaka 2017 Linda Babcock, Maria Recalde, Lise Vesterlund na Laurie Weingart walichapisha utafiti katika jarida la American Economic Review uliolipima jambo hili kwa majaribio. Waliunda vikundi vya watu watatu. Mmoja akijitolea kubonyeza kitufe kabla muda haujaisha, wote watatu wanafaidika, ila yeye aliyebonyeza anapata pungufu kuliko wenzake. Katika vikundi vyenye wanaume na wanawake, wanawake walijitolea zaidi kwa karibu asilimia 48. Lakini vikundi vya wanawake watupu vilipolinganishwa na vya wanaume watupu, tofauti ilitoweka.

Hebu tafakari matokeo hayo. Ingekuwa wanawake wanazipenda kazi hizo kwa maumbile yao, vikundi vya wanawake watupu vingejitolea zaidi kuliko vya wanaume. Havikufanya hivyo. Kinachoendesha mambo ni matarajio: mwanamke akiwepo, kila mtu, pamoja na yeye mwenyewe, anategemea kwamba atasimama. Watafiti walipoweka mtu wa nje wa kuomba msaada, wanawake waliombwa zaidi kuliko wanaume kwa asilimia 44, nao wakakubali mara 76 katika kila 100, wanaume mara 51. Na anayemuelemea mwanamke kwa maombi hayo si mwanamume peke yake. Mameneja wanawake nao walifanya vilevile.

Ndiyo maana siwaambii wanawake tu wajifunze kukataa. Mwanamke anayekataa mara nyingi huitwa mgumu au asiye na ushirikiano, na jina hilo humfuata hadi kwenye tathmini. Mzigo huu ni wa meneja. Aache kuuliza “nani atajitolea?” na badala yake aweke zamu zenye majina na tarehe. Ofisi ambayo haijafika huko, nawashauri wanawake waizungumzie ratiba badala ya kukataa papo hapo: “Leo nitaandika mimi, kikao kijacho aandike mwingine, tuweke jina lake sasa hivi.” Au ukiongezewa kazi kwa mkuu wako: “Naweza kuichukua. Kati ya hizi mbili nilizonazo, niiweke ipi kando?” Swali hilo humlazimisha aone uzito wa anachoomba.

Kisha kuna suala la nani anaonekana “ana kesho”. Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue walichunguza kumbukumbu za karibu wafanyakazi 30,000 wa kampuni moja kubwa ya maduka Amerika Kaskazini. Kwa wastani wanawake walipata alama za juu kuliko wanaume kwa kazi waliyofanya, lakini alama za chini kwa uwezo walionao wa kukua. Uwezekano wao wa kupandishwa cheo ulikuwa pungufu kwa asilimia 14. Mwaka uliofuata, wanawake hao walifanya vizuri kuliko wanaume waliopewa alama ileile ya uwezo. Hata hivyo, alama yao ya uwezo iliendelea kuwa ya chini.

Wengi wetu tumelelewa na methali ya chanda chema huvikwa pete. Tukaamini kwamba ukifanya kazi vizuri, utaonekana tu. Takwimu hizo zinaonyesha kwamba chanda kinaweza kuonekana, kikasifiwa hata kwa maandishi, pete ikaenda kwingine. Alama ya uwezo ni maoni ya mtu kuhusu mambo yasiyotokea bado, na maoni yasiyo na vigezo hujazwa na sura ya kiongozi ambayo mtathmini amezoea kuiona. Nikiwa ndani ya kikao cha tathmini, mtu akisema “huyu bado hajakomaa”, ninaomba atueleze tukio: lini, alifanya nini, aliyekomaa angefanya nini? Akikosa tukio, alama hiyo haifai kubaki. Vigezo navyo viandikwe kabla majalada hayajafunguliwa, kwa sababu vikiandikwa baadaye hufuata jina ambalo tayari linapendwa.

Mazoea hayo ya macho hubadilika, na India imetupa ushahidi. Tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 1993, theluthi moja ya nafasi za uenyekiti wa mabaraza ya vijiji ilitengewa wanawake, kwa mzunguko. Watafiti walikuta kwamba mahali ambapo nafasi ilikuwa imetengwa mara mbili, wanawake waligombea na kushinda zaidi hata pale kiti kilipokuwa wazi kwa wote. Wanakijiji walikuwa wameshaona kazi ikifanywa.

Mrejesho nao ni kikwazo kisichosemwa sana. Mwaka 2014 Kieran Snyder alikusanya tathmini 248 kutoka kwa watu wa sekta ya teknolojia waliojitolea kumpa. Si sampuli ya nasibu, ila pengo lake ni kubwa mno kulipuuza: kati ya tathmini 94 za wanawake zilizokuwa na ukosoaji, 71 ziligusa haiba yao, yaani wakali, wanajitokeza mno, wapunguze sauti. Kwa wanaume zilikuwa 2 kati ya 83. Mwanamume anaambiwa ajifunze kusimamia wakandarasi. Mwanamke anaambiwa atabasamu. Huwezi kukua kwa agizo la namna hiyo. Ukiambiwa “ongeza ujasiri” au “punguza ukali”, omba kwa utulivu utajiwe kikao chenyewe, ungefanya nini tofauti, na matokeo gani ya kazi yangebadilika. Baadaye mwandikie aliyekutathmini barua pepe fupi ya mliyokubaliana. Mwaka ujao mtakuwa na cha kupima.

Kuhusu washauri, sidhani kama wanawake wanawakosa. Herminia Ibarra, Nancy Carter na Christine Silva walieleza mwaka 2010 kwamba wanawake walikuwa na washauri kama wanaume, pengine zaidi, lakini ushauri huo haukuzaa vyeo, kwa sababu washauri wa wanaume walikuwa watu wa ngazi za juu zaidi. Kinachokosekana ni mtetezi: mkubwa atakayelitaja jina lako ndani ya chumba ambacho wewe humo, na kuweka heshima yake rehani kwa ajili yako. Mtetezi hapatikani kwa kumwomba mtu asiyekujua. Anapatikana kwa kufanya kazi ambayo matokeo yake yanamgusa yeye, kisha kumuuliza waziwazi: “Nafasi ya kuongoza idara ikitokea, utanipendekeza? Kama bado, nimepungukiwa na nini?” Jibu lolote lina faida.

Malezi nitayagusa kwa ufupi, maana mengi yamesemwa. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14. Mimi huangalia siku ya kurudi: je, mradi wake umerudi mikononi mwake, au umebaki kwa aliyemshikia? Hapo wengi hupoteza miaka, na hakuna barua yoyote inayosema hivyo.

Mwisho, tahadhari kwa dada ambaye hatimaye anaitwa juu. Michelle Ryan na Alexander Haslam wa Chuo Kikuu cha Exeter walionyesha mwaka 2005 kwamba, soko la hisa la London lilipokuwa linashuka, kampuni zilizowateua wanawake kwenye bodi zilikuwa na uwezekano mkubwa wa kuwa na matokeo mabaya kwa miezi mitano iliyotangulia. Nafasi inaweza kuja kwa sababu hakuna mwingine anayeitaka. Sikushauri uikatae, kwani huenda ndiyo itakayokujenga, lakini kabla ya kusaini omba hesabu za miaka mitatu, ujue muda uliopewa, na ujue kama unaruhusiwa kubadilisha timu.

Vivyo hivyo kukaimu. Nimekutana na wanawake wengi mno wanaobeba kazi nzima ya mkurugenzi, kwa mshahara wa zamani na bila sahihi ya kuidhinisha malipo. Ukiombwa kukaimu, dai barua yenye tarehe ya kuanza, tarehe ya mwisho, posho, na mipaka ya mamlaka yako. Tarehe ya mwisho ikikaribia, wewe ndiye uombe kikao, uende na orodha ya maamuzi uliyoyafanya na matokeo yake, na nakala ya barua hiyo ukiwa umeitanguliza kwa idara ya rasilimali watu.